Kabla ya kupeleka satelaiti ya Dunia hadi Mirihi, kagua vali

Wageni wengi wa kazi hii hukimbilia paneli za sola na antena, kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi. Karibu na Dunia mita moja ya mraba hupata wati 1,361 za jua. Mirihi, kama 590. Satelaiti ya TV iko kilomita 36,000 juu yetu. Mirihi ikiwa umbali wa kilomita milioni 225, hizo ni mara 6,250, na mawimbi hudhoofika kama mara milioni 39. Hayo utayaona mapema kwenye karatasi. Kitakachokuumiza ni kifaa kizima kabisa, ila kilitengenezwa kusubiri siku chache tu.

Mars Observer, chombo cha Marekani cha kwenda Mirihi kilichorushwa Septemba 1992, iliazima kiunzi cha satelaiti ya mawasiliano na elektroniki za satelaiti za hali ya hewa. Satelaiti za namna hiyo hufungulia presha ya matangi ya mafuta, yaani gesi ya heliamu inayosukuma mafuta, siku chache baada ya kurushwa. Hii ilingoja miezi 11. Tarehe 21 Agosti 1993, siku 3 kabla ya kufika, ilinyamaza. Redio ilikuwa imezimwa makusudi wakati wa kufungulia presha hiyo, kwa hiyo tume ya uchunguzi haikuwa na data; ilichoona kuwa na uzito zaidi ni kwamba nitrojeni tetroksidi (kemikali ya kuunguzia mafuta) ilipenya kidogo kidogo kwenye vali za njia moja, ikawa majimaji ndani ya mabomba baridi, kisha heliamu ikaisukuma hadi ilipokutana na monomethili hidrazini, yaani mafuta yenyewe. Hivyo viwili huwaka vikigusana tu, na bomba likapasuka.

Basi kila kifaa kiandikie siku zake za kulala, si saa za kazi peke yake. Na usikubali redio izimwe wakati wa hatua ya hatari.

Mangalyaan, chombo cha India cha kwenda Mirihi, ilitumia kiunzi cha I-1K, kilichokwisha kubeba satelaiti ya hali ya hewa ya Kalpana-1. Injini yake ya nyutoni 440 ililala karibu siku 300, ndiyo maana iliwekewa njia ya pili ya mafuta yenye vali zake. Siku 2 kabla ya kufika, Septemba 2014, iliwashwa sekunde 4 hivi kuijaribu. Ingegoma, vijeti 8 (injini ndogo) vya nyutoni 22 vilikuwa tayari.

Sumaku za kugeuzia chombo, ambazo husukumana na uga sumaku wa Dunia, ziache nyumbani: Mirihi haina uga sumaku wa sayari nzima. Magurudumu yanayozungushwa ndani ili kugeuza chombo yakifikia kikomo cha kasi, ni vijeti vitakavyosaidia kuyapunguza kasi, na mafuta ya vijeti hivyo uyaombe tangu mwanzo, maana baadaye hakuna atakayekuongezea hata kilo moja.