Chupa ya kale: anza na shingo, maandishi baadaye

Watu wengi wakiokota chupa ya zamani hukimbilia kusoma maandishi. Mimi huanza na shingo. Pitisha kidole gumba ubavuni, kutoka kitakoni kwenda juu, utahisi mstari mwembamba ulioachwa na kalibu, yaani chombo cha kutolea umbo la chupa. Mstari ukipanda mpaka kwenye mdomo wenyewe, chupa hiyo ni kazi ya mashine, na mashine hizo zilienea baada ya Michael Owens wa Marekani kuunda yake mwanzoni mwa karne ya 20. Mstari ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono wa fundi, na mara nyingi hapo umeshika kitu cha zamani zaidi. Mapovu ndani ya kioo na kitako kilichokaa upande ni dalili za kuongezea tu, usizitegemee peke yake.

Ukibahatika kupata chupa ya soda ya gololi, ile yenye shingo iliyominywa na gololi ya kioo ndani kama kizibo, ishike vizuri. Ilibuniwa na Mwingereza Hiram Codd miaka ya 1870, na nyingi zimepotea kwa sababu watoto walizivunja wapate gololi. Siwalaumu.

Maandishi nayo hudanganya. Mfano mzuri ni vigae vya paa kutoka Mangalore, India, vilivyoezeka nyumba nyingi za mwambao wetu. Utakuta kigae kimegongwa jina la Basel Mission, shirika la wamisionari lililokuwa na kiwanda cha vigae huko, na mwaka 1865, na mwenye nacho atakuapia kwamba kina zaidi ya miaka 150. Huo ni mwaka kiwanda kilipoanzishwa. Kigae chenyewe huenda kilichomwa miongo mingi baadaye.

Pa kutafuta? Ufukweni maji yakipwa, hasa siku za bamvua. Kwenye makorongo baada ya masika. Panapochimbwa msingi, ukishaongea na mwenye kiwanja na msimamizi wa mafundi. Ila magofu yaache. Kaole, Kunduchi, Kilwa, Gede: hata kipande kidogo cha kauri ya Kichina usikitie mfukoni. Mtafiti husoma umri wa tabaka la udongo kwa vipande hivyohivyo, na kikishafika kabatini kwako hakimwambii mtu lolote. Tena sheria ipo. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya 1863, na kuchimba kunahitaji leseni. Kenya, sheria ya 2006 imeweka mpaka kwenye mwaka 1895. Ukikutana na kitu cha umri huo, kiache kilipo, piga picha, toa taarifa kwa wahusika wa makumbusho au mambo ya kale.

Kwa wenzangu wa Tanga na Taveta, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana kuanzia 1914: ukikuta chuma chenye umbo la kombora, hata kiwe kimeliwa na kutu kiasi gani, usikiguse, usikipige teke, wala usimpelekee mnunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, uwaite polisi.

Nyumbani, andika kwanza, osha baadaye: mahali, tarehe, kina, na ulichokikuta pembeni yake. Chupa isiyojulikana ilikotoka ni pambo tu. Kilichotoka baharini kiloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, ukiyabadilisha kwa wiki kadhaa, la sivyo chumvi ikikauka ndani hubandua uso wa tofali au chungu. Uchafu wa ndani ya chupa hutoka kwa maji ya sabuni na punje za mchele, ukitikisa taratibu. Maji ya moto hapana, hupasua. Maji ya betri, ambayo kuna mafundi wanaoyasifia, hapana kabisa. Na ukiona utando unaometa rangi za upinde wa mvua, usiusugue: ni kioo chenyewe kimeanza kuoza, na chini yake utakuta vishimo na ukungu usiotoka.