Maswali ya wasomaji: voli, tobo na mpira unaopinda

Watangazaji wa Kiingereza mara husema "volley", mara "half-volley". Mimi naona shuti lilelile. Tofauti ni nini? Na kwa nini voli zangu zote hupaa juu ya goli? – Msomaji, Morogoro

Angalia ardhi. Mpira ukipigwa ungali hewani, kabla haujagusa chini, hiyo ni voli. Ukidunda na mguu ukaukuta palepale unapoanza kuinuka, ni hafu voli.

Voli ya kujifunzia ni ile ya Zinedine Zidane katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2002, Real Madrid dhidi ya Bayer Leverkusen, uwanja wa Hampden Park, Glasgow. Roberto Carlos aliupandisha mpira juu sana. Zidane hakuukimbilia. Alijipanga, akaungoja ushuke hadi karibu usawa wa kiuno, akazungusha mguu wa kushoto. Huko kungoja ndiko wengi kunawashinda.

Mpira hupaa kwa sababu mbili ambazo kwa kawaida huja pamoja: kiwiliwili kimelala nyuma, na mguu umegusa nusu ya chini ya mpira. Kaza kifundo, vidole vielekee chini, goti liwe juu ya mpira, upige kwa sehemu zinapofungwa kamba za kiatu. Mpira ukija ubavuni, egemea upande wa mguu uliosimama ili mguu unaopiga upite sambamba na ardhi. Kwa zoezi, simama hatua sita kutoka ukutani, shika mpira kwa mikono miwili, uangushe kutoka kiunoni na upige kwa nusu ya nguvu zako. Ukigonga ukuta chini ya usawa wa kifua, umeupata. Ukigonga juu ya kichwa, mwili umeanguka nyuma.

Kwa hafu voli, mguu wa kusimamia uwe kando ya pale mpira unapodundia. Ukibaki nyuma yake, utaufikia mpira umeshapanda, nao utapaa vilevile.

"Nutmeg" ndiyo tobo? – Msomaji, Nakuru

Ndiyo hiyohiyo: mpira unapita katikati ya miguu ya mpinzani. Usimtazame usoni, tazama magoti yake. Beki anapohamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, miguu hulazimika kupanuka. Hapo sukuma mpira taratibu kwa upande wa ndani wa mguu, wewe upite ubavuni kwake. Kosa kubwa ni kusukuma kwa nguvu. Tobo linakuwa zuri, lakini mpira unamwangukia beki wa pili aliyekaa nyuma.

Mipira ya adhabu mingine wanasema ni "curl", mingine "knuckleball". Nifanyeje niweze yote miwili? – Msomaji, Mombasa

Wa kwanza unazunguka, wa pili hauzunguki. Mengine yote yanatokana na hapo.

Ili upinde kuelekea kushoto kwa mguu wa kulia, jongea mpira kwa mshazari, gusa nusu yake ya kulia, chini kidogo ya katikati, kwa mfupa ulio nyuma ya kidole gumba. Mguu uendelee na safari baada ya kupiga, ukikatiza mbele ya mwili. Mzunguko huo unaipeleka hewa upande mmoja, nayo inausukuma mpira upande wa pili. Lenga nje ya nguzo ya kulia, mpira utarudi wenyewe. Ukiuparuza badala ya kuupiga, utazunguka sana lakini hautakuwa na kasi, na ukuta wa wachezaji uliopo mita 9.15 utauzuia bila shida.

Upande wa nje wa mguu nao hupinda mpira. Tarehe 3 Juni 1997 mjini Lyon, Roberto Carlos wa Brazil aliipiga Ufaransa mpira wa adhabu kutoka kama mita 35 kwa upande wa nje wa mguu wa kushoto. Mpira ulipita kulia mwa ukuta, mbali kiasi kwamba mwokota mipira aliinama kuukwepa, kisha ukarudi, ukagonga nguzo na kuingia. Kipa Fabien Barthez hakusogea.

Usiozunguka hupigwa katikati kabisa, kifundo kikiwa kimekazwa, na mguu unakatishwa safari mara tu baada ya kugusa. Bila mzunguko, hewa inaachana na mpira bila mpangilio kwenye mishono, nao unayumba. Ndiyo maana makipa walilalamikia Jabulani, mpira wa Kombe la Dunia 2010 uliokuwa na vipande 8 tu: mishono ilikuwa michache, ukayumba hata kwenye kasi kubwa. Jaza mpira vizuri kabla ya kujaribu. Uliolegea hunywea mguuni, hauondoki.

Penalti ya "Panenka" hupigwaje? – Msomaji, Bujumbura

Jina ni la Antonín Panenka wa Czechoslovakia. Katika fainali ya Ulaya ya 1976 mjini Belgrade, dhidi ya Ujerumani Magharibi, alimwacha kipa Sepp Maier aruke kushoto kwake, yeye akauchota mpira taratibu katikati ya goli.

Siri iko kwenye mbio. Kimbia kama unayetaka kuchana wavu, kwa sababu kipa huanza kuruka kwa kusoma kasi yako. Mwishoni ingiza vidole chini ya mpira na usimamishe mguu hapohapo. Ukipunguza mwendo hatua mbili za mwisho, kipa atabaki amesimama na kuudaka. Na kumbuka sheria: kumdanganya kipa wakati wa kukimbia kunaruhusiwa, lakini ukishamaliza mbio kisha ukajifanya kupiga, unapewa kadi ya njano.