Akimaliza vikao vya mahakama, nimrudie?

Dada yangu, umeuliza kama mumeo aliyekupiga akimaliza vikao vya kuacha ukatili alivyoamriwa na mahakama umrudie. Cheti cha kumaliza vikao peke yake kisikutulize. Hivi si vikao vya kutuliza hasira. Mbele ya bosi wake hasira hiyohiyo anaimeza vizuri tu. Anachotakiwa kuacha ni kukutawala: kukagua simu yako, kushika pesa zako, kukukataza kuonana na ndugu zako. Jimbo la California, Marekani, sheria inataka vikao hivi viende wiki 52, na bado wapo wanaorudia kupiga. Msikilize anavyosimulia. Akisema "nilimpiga", kuna dalili ya kubadilika. Akisema "alinichokoza mpaka mkono ukaniponyoka", bado kabisa. Na amri ya ulinzi, ile ya mahakama inayomkataza kukusogelea, usikubali ifutwe ili kumpa moyo, hata kama hajakosa kikao hata kimoja.