Jibu: Je, ni haki kumshawishi mama aache dini?

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kumtoa mama yako kanisani kwa kuwa wewe umeacha kuamini. Kisheria huna kosa. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inataja wazi uhuru wa mtu kubadilisha dini au imani yake. Wahubiri wa Injili na wa mihadhara wanashawishi watu kila siku kwa vipaza sauti, iweje wewe ufungwe mdomo?

Ila mimi naangalia namna. Nilipoacha kuswali nilijifanya mjuaji, nikamkalia bibi kooni. Alikuwa ametoka kumzika babu, wiki ya pili tu hiyo. Nikamuuliza ana hakika gani kwamba wataonana. Hakunijibu. Alivuta tasbihi yake ya plastiki, ile iliyokatika akaiunga kwa uzi wa kushonea, akaendelea kuhesabu. Mpaka leo naona haya. Hoja yenyewe wala haikuwa mbaya, ila nilimvizia akiwa hana nguvu. Ndicho tunachowalaumu wale wanaowafuata wagonjwa wodini na kuwaambia waokoke ndipo wapone.

Mama akikuuliza mbona huji misa, mwambie ukweli. Akitaka kubishana, bishaneni, mtu mzima huyo. Lakini umesema mwenyewe jumuiya ndiyo iliyomuuguza mwaka jana, wakipokezana kumpelekea uji. Akitoka huko, na wewe uko Mwanza kikazi, nani atabisha hodi kwake?