Kuku 14 na shimo la taka

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mbwa wanaozurura na wanyama wengine wanamaliza kuku majumbani. Wewe umejikinga vipi, na ungemshauri nini jirani yako?" Naomba nijibu kwa kirefu. Jambo hili liliwahi kunitoa machozi, na jibu langu la leo si lile ambalo ningelitoa siku ile nilipokuwa nalia.

Nafuga kuku wa kienyeji Mkundi, pembeni mwa mji wa Morogoro. Usiku mmoja wa Oktoba 2021, kama saa 10 hivi, tuliamshwa na makelele. Mume wangu alitoka na tochi na panga, mimi nyuma yake. Mbwa watatu walipenya kwenye uwazi wa uzio wa michongoma, wakatokomea. Bandani kimya. Kuku 14 walikuwa wamelala chini, wengine ndani, wengine wametapakaa uani mpaka karibu na choo, na hakuna hata mmoja aliyeliwa. Walikuwa wameng'atwa migongoni na mapajani, wakaachwa. Jogoo mwekundu ambaye mwanangu alimlea tangu kifaranga alikuwa mlangoni pale pale.

Mlango wenyewe ulikuwa fremu ya mbao na wavu wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita, umegongomelewa kwa misumari midogo. Mbwa waliushika kwa meno kuanzia chini, wakauvuta, ukafumuka kama sweta kuukuu. Wavu ule kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mimi nilikuwa nimeuamini kwa kazi nyingine kabisa, na naona wafugaji wengi bado wanauamini hivyo hivyo.

Kabla ya saa 3 asubuhi watu wanne walikuwa wameshanishauri niweke sumu. Mmoja alikuja nayo kabisa, kwenye kikaratasi, akaniambia nichanganye na dagaa. Sikuichukua, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu najua wasomaji wengi wanaosoma ukurasa huu wana hasira kama niliyokuwa nayo. Nikiwa mtoto, kijijini kwetu upande wa Kilosa, mtu mmoja alitega nyama yenye sumu baada ya kuliwa kuku wake. Mbwa mmoja alikufa kweli. Lakini alitapika kabla ya kufa, kuku wakadonoa yale matapishi, na yule bwana akazika kuku wengi kuliko walioliwa. Asubuhi hiyo hiyo mtoto wa jirani alikutwa ameshika kipande cha ile nyama, bado hajakitia mdomoni. Sumu haichagui. Inamuua mbwa, inamuua paka anayekusaidia kuwinda panya, inawaua ndege, na ikimkuta mtoto utaishi na jambo hilo mpaka kaburini. Tena nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama, hata mbwa koko.

Nilichofanya ni kumfuata mjumbe wa shina. Mbwa wale hawakuwa wa porini. Wengi wa hawa tunaowaita mbwa wa mtaani wana wenyewe, ila hawafungiwi na hawalishwi vya kutosha. Tukaenda na mjumbe kwa mzee mmoja, jirani wa nyumba ya nne, fundi seremala.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Poleni, nimesikia. Lakini mbwa wangu hawajawahi kugusa kuku."

Mjumbe hakubishana naye. Aliomba tu awaone mbwa. Mmoja alikuwa na manyoya ya kuku yamegandia kwenye damu kavu shingoni. Mzee akanyamaza kwa muda, kisha akasema jambo ambalo nililiona la haki: "Nikiwafunga kamba usiku, nani ataniangalizia mbao zangu?" Tukakubaliana azibe mapengo ya uzio wake na aweke geti linalofika chini, ili mbwa walinde wakiwa ndani ya kiwanja chake. Kuhusu hasara, alinipa tetea wanne na mabanzi ya kujengea banda jipya. Hayakufikia thamani ya kuku 14, nami sikudai zaidi. Ningekwenda pale nikitukana, nisingepata hata ubao mmoja.

Ila kuna swali lililonisumbua. Tulikuwa tumefuga miaka mitano na mbwa wale wamekuwapo muda wote. Kwa nini mwaka ule?

Afisa mifugo wa kata alipopita aliniuliza kitu kimoja tu: "Mama, kuku wakifa huwa mnatupa wapi?" Nikahisi moyo unashuka. Kiangazi kile kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza na kuua haraka, kilikuwa kimetupitia, kikaua kuku tisa, nasi tukawatupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba bila kuwafukia. Utumbo na vichwa vya kuku tuliochinja navyo tulivitupa huko huko. Mbwa walikuwa wakija usiku kula, wiki baada ya wiki, mita chache kutoka bandani. Walijifunza njia, wakajifunza harufu na ladha, na shimo lilipokuwa tupu walisogea mpaka pale ambapo harufu ile ile ilikuwa ikitoka. Sisi ndio tuliowaita.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kununua hata msumari, nenda kaangalie shimo lako la taka. Kuku aliyekufa, utumbo, manyoya yenye damu, maganda ya mayai yenye ute, vyote vifukiwe. Sisi tunachimba shimo la kunifikia kiunoni, tunatupia majivu juu, halafu udongo, halafu jiwe kubwa. Na chanjeni kuku dhidi ya kideri kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya tone la jichoni inayotengenezwa Kibaha inavumilia joto kuliko zile za zamani, na chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo majirani wanaweza kuchanga. Mtu anaweza kushangaa chanjo inahusiana vipi na mbwa. Kwetu ilihusiana moja kwa moja.

Sasa banda. La kwanza lilikuwa limekaa juu ya udongo mtupu. La pili tumeliwekea msingi wa mawe, na kuta zake za chini ni mabanzi ya mzee, yamebanana mpaka usawa wa kiuno, ili mnyama asione ndani wala asipitishe mkono. Juu ya mabanzi ni wavu wa waya mgumu uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi. Ni ghali, sitadanganya, ndiyo maana tuliuweka sehemu za hewa tu. Kuzunguka banda, kwa nje, tumelaza wavu mwingine chini upana wa nusu mita hivi, tukaufunika kwa udongo na mawe. Hili nalisisitiza, maana ndilo lililotusaidia kuliko yote. Mbwa anayetaka kuchimba huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikwaruza anakuta waya, anasogea kidogo anakuta waya, hana akili ya kurudi nyuma nusu mita aanze upya. Tumekuta mikwaruzo mara mbili tangu hapo, na haikwenda kina cha kidole.

Mlango una komeo mbili, ya juu na ya chini, kwa sababu mlango wenye komeo moja katikati ukisukumwa kwenye kona unaachia nafasi. Tunafunga saa 12 na nusu jioni. Kuku hurudi wenyewe, lakini kiganja cha chenga za mahindi kila jioni kinawafanya warudi mapema na unapata nafasi ya kuwahesabu. Asubuhi hatufungui kabla ya saa 1 na nusu, maana makundi ya mbwa huwa bado yanarandaranda alfajiri.

Nilidhani nimemaliza. Mwezi wa pili ndani ya banda jipya nikakuta matetea wawili hawana vichwa. Mtaa mzima ukasema mbwa wa mzee wamerudi, na yeye mwenyewe alikuja ameshika kofia mkononi. Lakini wavu haukuvutwa na udongo haukuchimbwa. Jioni ile nilimwaga majivu kuzunguka banda na juu ya mabanzi, nikayasawazisha kwa ufagio. Siku ya tatu zilikuwapo nyayo ndogo za mviringo, kama za paka, zimepanda mpaka juu na kuishia chini ya bati. Wayo wa mbwa huonyesha kucha mbele ya vidole. Hizi hazikuwa na alama ya kucha. Alikuwa kanu, mnyama mdogo wa usiku anayefanana na paka, na alikuwa akiingilia kwenye uwazi kati ya ukuta na bati, ambao sisi tuliuacha kwa ajili ya hewa. Tukauziba kwa wavu, mauaji yakakoma. Tungesikiliza mtaa, tungegombana na mzee bure na kanu angeendelea kula.

Tangu siku ile sikubali mtu aniambie "ni mbwa" kabla hajaangalia. Mbwa anaua wengi kwa mara moja, anatawanya mizoga, mara nyingi bila kuila. Kicheche huua usiku akilenga shingo na kichwa, na huacha harufu ambayo ukishaisikia hutaisahau. Nguchiro huja mchana, hupenda mayai na vifaranga. Paka humbeba kifaranga mmoja leo na mwingine kesho, huoni hata unyoya. Kenge wapo kwa walio karibu na mito, nao hutafuta mayai. Panya huburuta vifaranga mpaka mashimoni, na huyu dawa yake ni kutolaza chakula bandani. Siafu msiwasahau wakati wa mvua: kuku anayeatamia hataki kuacha mayai yake, wanaweza kummaliza palepale. Mwaga majivu mengi kuzunguka kiota na uyabadilishe yakilowa.

Dada yangu anakaa Tanga, na adui yake mkubwa ni kunguru. Wale weusi wenye shingo ya kijivu si ndege wa kwetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 wasaidie kula takataka, na leo wamejaa pwani na kuingia bara, wananyakua vifaranga mchana kweupe. Nilipomsimulia habari ya shimo langu, akaangalia dampo lililo mbele ya nyumba yake, akanyamaza.

Kwa vifaranga, mimi natumia tenga, lile kubwa la kusafirishia kuku sokoni. Mama na wanawe wanakaa chini ya tenga lililofunikwa, na jiwe juu, wiki nne za kwanza, nikilisogeza kila siku wapate majani mapya. Baada ya hapo wanatoka, lakini uani kuna vichaka. Nimeacha makusudi vichaka viwili vya mapambo na banda dogo la makuti, maana mwewe hupata kifaranga aliye peupe. Kuna majirani wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau au kijani ili mwewe asiwatambue. Nimejaribu. Siwezi kusema kwa dhati kwamba ilisaidia. Kichaka kilisaidia. Na tuna kanga watano, ndege wenye kelele kuliko wote, wakiona kitu kigeni mtaa mzima unajua.

Jambo la mwisho linahusu watu. Usiku ule mume wangu angeweza kuumwa. Ukiwa na kuku wako mdomoni mwa mbwa, mkono unakwenda wenyewe. Usiupeleke. Tumia fimbo ndefu, maji, sufuria ya kugonga. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa, jeraha lioshwe pale pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa anajulikana. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani waliupata kwa mbwa, na chanjo ya mbwa huzuia.

Ndiyo maana mwaka jana chanjo ya mbwa ilipotangazwa, tulipita nyumba kwa nyumba na mjumbe. Mbwa 11 walikwenda kutoka shina letu. Mzee alikuja na wake watatu, amewafunga kamba ya katani, akapanga foleni nyuma yangu. Akaniuliza kama bado nina mayai ya yule tetea mweusi, anataka kuatamisha.

Msomaji wenu,
Mkundi, Morogoro