Kisima kimeharibika: nilipe fundi au niache?

Kiangazi ndicho kipindi cha kutengeneza visima, kwa hiyo leo ninajibu barua za visima tu.

Fundi, shikamoo. Tumerithi nyumba Buhongwa, hapa Mwanza, yenye kisima cha ringi za zege. Mvua ikinyesha maji yanakuwa tope, na ringi ya juu ina ufa. Fundi anataka laki nane. Bomba limeshafika mtaani. Tufanye lipi?

Marahaba, mama. Kama fedha haitoshi vyote viwili, vuta bomba kwanza. Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, yametibiwa, ya kisima chako hayajatibiwa. Piga hesabu: uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Familia inayotumia ndoo 12 kwa siku humaliza uniti 7 na kidogo kwa mwezi. Zidisha kwa bei iliyo kwenye bili ya jirani, utajua laki nane ni bili ya miezi mingapi.

Lakini kisima usikifukie. Bomba likikauka siku tatu utakihitaji, na ugonjwa wake unatibika. Tope linalokuja na mvua tu maana yake maji ya juu ya ardhi yanapenya kwenye ufa na maungio. Dawa yake ni kuziba maungio ya ringi za juu, mita 3 hivi, kushindilia udongo wa mfinyanzi kwa nje, kumwaga sakafu ya zege inayoteremka kuelekea kwenye mfereji, na kuweka mfuniko. Ringi za chini zisizibwe, maji yanaingilia huko.

Mwambie fundi aandike vifaa kimoja kimoja na ufundi wake kando. Ukikuta humo pampu mpya, iondoe kwanza, kwa sababu pampu haisafishi maji. Lipa kwa awamu, na kazi iishe kabla ya mvua za vuli.

Kisima changu Kisesa kinakauka kila Agosti. Kuongeza kina kutasaidia? Fundi anasema ndiyo.

Inategemea wachimbaji waligonga nini chini. Hapa kwetu maji ya visima vifupi hukaa kwenye mchanga na changarawe ya mawe yaliyooza, juu ya mwamba. Kama kisima kilichimbwa wakati wa mvua na wachimbaji wakasimama kwa sababu maji yaliwazidi, kuongeza kina kuna faida. Fundi ashushe ringi nyembamba ndani ya zile za zamani, asichimbue chini ya ringi zilizopo, zitaporomoka. Kama walisimama kwenye jiwe gumu, kaka, hifadhi fedha yako. Kuvunja jiwe lisilo na nyufa kutakupa shimo refu zaidi na ukame uleule.

Kabla ya kuamua, chota hadi kibaki kitupu jioni, kisha pima asubuhi kimerudisha ndoo ngapi. Fanya hivyo mwezi wa nane au wa tisa. Jibu la Aprili litakudanganya.

Jirani amejenga choo cha shimo upande wa juu wa kisima chetu, hapa Igogo, kama hatua kumi na tano. Tukifanya ukarabati mzuri maji yatakuwa salama?

Hapana. Umbali unaoshauriwa ni angalau mita 30, na choo kikiwa upande wa juu wa mteremko hali ni mbaya zaidi. Zege haizuii uchafu unaopita chini kwa chini. Ninaomba sana watoto wasiyanywe maji hayo, hata kama yanaonekana meupe. Yatumieni kusafishia sakafu na kumwagilia. Fedha ya ukarabati ipelekeni kwenye bomba.

Mota ya kisima imeungua mara mbili mwaka huu. Ninunue kubwa zaidi?

Usinunue kabla ya kujua chanzo. Mara nyingi ni umeme mdogo, au mota kuendelea kuzunguka maji yakiwa yamekwisha. Mota kubwa itamaliza maji haraka na kuungua mapema. Mwambie fundi umeme afunge swichi ya kuizima maji yakishuka.

Ziwa lilipopanda 2024 kisima chetu Igombe kilifunikwa. Sasa maji yameondoka. Kinafaa kusafishwa, au tuendelee kuchota ziwani?

Kisafisheni, tafadhali. Mwaka ule ziwa lilipita hata kiwango cha 2020, lakini kuchota ziwani kuna hatari yake: mtu anayesimama majini kuchota anaweza kupata kichocho kupitia ngozi. Toeni maji yote na tope, sugueni ringi, kisha kiacheni kijae. Kisima chenye kipenyo cha mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina lita karibu 2,350. Kinahitaji gramu 350 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Asichote mtu kwa saa 24, kisha toeni maji mpaka harufu iishe, msiyamwage ziwani. Halafu pelekeni sampuli maabara ya maji Mwanza mjini, na muendelee kuchemsha hadi majibu yatoke.

Onyo kwa wote mnaosafisha visima: mashine ya petroli ya kuvutia maji isishushwe kisimani kamwe. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua upesi, na mshumaa kuendelea kuwaka hakuthibitishi kwamba gesi hiyo haimo. Anayeshuka afungwe kamba, watu wawili wawe juu. Akizimia, mvuteni, mwingine asishuke kumfuata.