Kabla Hujabishania Drafti: Niliyojifunza kwa Kuliwa Mbuzi

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Siku ya kwanza nilipolitaja kwenye saluni ya kinyozi wetu hapa Columbus, Ohio, mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa anasubiri zamu alinyanyua kichwa akaniuliza vizibo viko wapi. Alidhani nasema drafti ya ubao, ile ya kulana kete na watu kupiga kelele mmoja akiingia kingi. Nikamwambia hapana mzee, hii ni drafti ya wachezaji. Timu za ligi ya soka ya Marekani, MLS, zinapanga foleni, zilizofanya vibaya zikitangulia, na kila moja kwa zamu yake inachagua kijana kutoka timu za vyuo vikuu. Mzee akafikiri kidogo.

"Na kijana mwenyewe anaulizwa anataka kwenda wapi?"

Haulizwi.

"Basi ni kete tu," akasema, akarudi kwenye simu yake.

Tangu siku hiyo nimebishania drafti kila msimu wa baridi, na nimebishana vibaya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwa hiyo haya ninayoandika si ya mtaalamu. Ni ya mtu aliyelipa.

Nililipa hivi. Januari 2022 Columbus Crew, timu yetu ya hapa mjini, walitumia nafasi yao ya 12 kumchukua Patrick Schulte, kipa wa chuo kikuu cha Saint Louis. Nilisimama pale saluni na taulo shingoni nikaponda dakika kumi nzima. Kipa wa nini? Tunaye Eloy Room, mtu wa timu ya taifa ya Curaçao, aliyekuwemo tulipochukua ubingwa 2020. Tuna njaa ya mabao, wao wanaleta glavu! Kaka mmoja wa Bukavu, mtu mpole ambaye hapandishi sauti hata akikanyagwa, akaniambia makipa wanazeeka kama watu wengine. Nikamcheka. Tukawekeana dau: huyo kijana akifikisha mechi kumi timu ya kwanza ndani ya misimu miwili, mbuzi mzima juu yangu.

Msimu wa kwanza nilikuwa mfalme. Schulte alikuwa timu ya pili, Crew 2, na mimi kila nikikaa kwenye kiti nilikuwa naulizia mbuzi wangu. Sikujishughulisha kuona kwamba kule timu ya pili alikuwa anacheza mara kwa mara na kwamba wamebeba ubingwa wa ligi yao mwaka huohuo. Msimu wa 2023 ukaanza, akapewa lango la wakubwa, na tarehe 9 Desemba 2023 alikuwa golini fainali ya ligi, hapahapa Columbus, tukawafunga LAFC ya Los Angeles 2-1. Mwaka uliofuata akadakia Marekani kwenye Olimpiki ya Paris.

Fainali ilikuwa Jumamosi. Jumapili nilikuwa bucha la halali asubuhi na mapema, na mchana nilikuwa uani kwangu nimevaa koti mbili, napuliza mkaa usiotaka kushika kwa sababu ya upepo. Kaka wa Bukavu yuko ndani dirishani, kikombe cha chai mkononi, ananionyesha kwa kidole upande wa mbuzi ambao haujaiva. "Si nilikuambiaka?" Hiyo tu. Angenitukana ingekuwa nafuu.

Kosa langu halikuwa kutomjua Schulte. Nani alikuwa anamjua? Kosa lilikuwa kuisoma drafti kama tunavyosoma usajili wa Simba na Yanga. Kule nyumbani mchezaji akishuka uwanja wa ndege na skafu shingoni, wiki ijayo tunamtaka uwanjani, na akikosa bao moja tunauliza nani alikula hela. Drafti haiendi hivyo. Timu inamchagua kijana kwa shimo litakalokuwepo baada ya miaka miwili, si kwa shimo linalovuja leo. Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi, kabla sijafungua mdomo, ni hili: anayecheza nafasi hiyo sasa ana umri gani, na mkataba wake unaisha lini? Ukijibu hilo utakuwa umewapita nusu ya wabishi wote.

Jambo la pili ni kujua nani hayumo kwenye drafti. Hapa ndipo watu wanaumbuka. Tangu 2008 timu za ligi hii zinaruhusiwa kumsajili moja kwa moja kijana aliyelelewa kwenye akademi yao, hata kama kapitia chuo, bila kupanga foleni na mtu. Jamaa mmoja wa Kisumu alisumbua watu wiki nzima akitaka kujua ni fundi gani aliyemwona Aidan Morris kwenye drafti. Hakuna. Morris alitoka akademi ya Crew, akacheza msimu mmoja chuo kikuu cha Indiana, akarudi nyumbani kwa mlango wake. Mwaka 2020 akaanza fainali akiwa kijana wa miaka 19, na 2024 akauzwa Middlesbrough ya Uingereza.

Fikiria mitumba. Belo linafunguliwa alfajiri, wenye belo na wateja wao wa siku zote wanatoa zile kali, wewe unafika saa nane mchana na kukuta rundo. Drafti ya sasa ni rundo la saa nane. Chini kabisa bado unaweza kukuta koti la maana, na mwenye jicho anakuta, ila usiingie sokoni na hasira za mtu aliyeahidiwa nguo mpya. Timu ni 30 na raundi ni 3, kwa hiyo kuna zamu 90, na ukifuatilia mpaka raundi ya mwisho utasikia timu zikisema zinapita tu, hazitaki mtu. Zamani, drafti hii ilipoanza mwaka 2000, raundi zilikuwa 6. Mtu anayekuambia timu yenu "imeharibu drafti" kwa sababu ya raundi ya tatu, mpe kiti akae, mpe maji.

Sasa klipu. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipopata aibu ya pili.

Kulikuwa na winga mmoja wa chuo, simtaji, niliyempenda kwa video ya dakika tatu. Anapokea, anageuka, anaondoka na watu wawili. Niliituma kwa kila mtu. Halafu timu yake ikaja kucheza na chuo cha Ohio State hapa mjini, nikasema ngoja nikamwone mwenyewe. Tulikaa jukwaani usiku, baridi inapenya soksi. Dakika ya 25 hivi anatolewa. Nikadhani kaumia. Akavaa koti kubwa la timu, akakaa, akanywa maji, anacheka na wenzake. Kipindi cha pili huyo anarudi uwanjani, mbichi kabisa, anawakimbiza mabeki waliochoka. Ndiyo nikaelewa: kwenye soka la vyuo mchezaji aliyetoka anaweza kurudi. Zile mbio zote za kwenye klipu zilikuwa mbio za mtu aliyepumzika. Ukimpeleka kwenye ligi, ukishamtoa umemtoa, na beki anayemkaba ni mtu wa miaka 29 mwenye mke, watoto na mkopo wa nyumba, hakabi kwa kujifunza.

Tangu hapo klipu naiangalia kwa kutafuta vitu vinavyochosha kuangalia. Mpira ukipotea anafanya nini? Anasimama wapi wenzake wanapopiga kona? Na kama ni beki, anapokea kwa mguu gani akisukumwa kutoka nyuma? Mabao yoyote mtu anaweza kuyakusanya. Msimu wa chuo wenyewe ni mfupi, unaanza Agosti na kuisha Desemba, kwa hiyo mabao kumi ya miezi minne usiyasome kama mabao kumi ya ligi.

Namba ya kuchaguliwa nayo inadanganya. Ukitaka ushahidi mmoja tu ubebe mwaka 2005. Wa kwanza kabisa alikuwa Nikolas Besagno, kijana wa miaka 16 ambaye hakupitia hata chuo, na Real Salt Lake hawakupata kwake hata mechi 10 za ligi. Mwaka huohuo, kwenye drafti ya nyongeza ya waliobaki, San Jose walimchukua kijana wa chuo cha Chico State nafasi ya 41. Anaitwa Chris Wondolowski. Alistaafu na mabao 171, rekodi ya ligi. Wetu wenyewe ni Kei Kamara, mtoto wa Sierra Leone aliyekimbia vita: Crew walimchukua wa 9 mwaka 2006, wakamwachia baada ya misimu miwili, na 2015 akarudi kama mwana mpotevu aliyenona, akafunga mabao 22. Mimi nilikuwa mgeni hapa mwaka huo. Ndiye aliyenifanya niwe mshabiki, na mpaka leo sijawasamehe waliomwachia mara ya kwanza.

Kaka wa Bukavu ana silaha yake hapa na huitoa kila Desemba: 2009 wa kwanza alikuwa Steve Zakuani, 2010 wa kwanza alikuwa Danny Mwanga, wote wazaliwa wa Kinshasa, miaka miwili mfululizo. Na Zakuani alitoka chuo cha Akron, saa mbili kwa gari kutoka tulipokaa. Ukimkumbusha kwamba yeye mwenyewe kila siku anawasema watu wa Kinshasa, anasema siku ya drafti Kongo ni moja. Jamaa wa Kisumu anajibu na Philip Mayaka, Mkenya wa chuo cha Clemson aliyechukuliwa wa 3 na Colorado Rapids mwaka 2021. Hapo sauti inashuka kidogo, maana dakika tulizozitarajia hazikuja. Namba 3 ilimfikisha mlangoni tu.

Kwa kuwa wengi wanaonisoma wana ndugu au watoto huku, niongeze la karatasi. Mchezaji wa kigeni asiye na makazi ya kudumu anakula nafasi moja ya wageni kwenye kikosi, na nafasi hizo timu zinazilinda kama sukari ya mwezi wa Ramadhani. Mara nyingi kijana mzuri anashuka kwenye foleni kwa sababu hiyo na si kwa sababu ya miguu. Kabla hujasema makocha hawana macho, uliza karatasi zake zikoje.

Na siku hizi hata walio mwaka wa pili na wa tatu wanachaguliwa, kisha wanarudi darasani huku timu ikishika haki zao. Februari ukiona kijana hayuko mazoezini, usitangaze ametoroka. Yuko kwenye mtihani.

Kanuni yangu ya sasa ni misimu miwili. Desemba 2022 Crew walimchukua Max Arfsten wa chuo cha UC Davis nafasi ya 14, winga. Nilifunga mdomo, safari hii kwa hiari. Msimu wa kwanza alicheza kidogo mno. Kisha akasogezwa pembeni kushoto, akawa wa kupanda na kushuka, na 2025 alikuwa na timu ya taifa ya Marekani kwenye Gold Cup, kombe la mataifa ya ukanda huu. Ningemponda ningekuwa nimechinja mbuzi wawili.

Mzazi mmoja aliniuliza kama mtoto asipopitia chuo ndiyo basi. Nilimpa jina la Bernard Kamungo. Amezaliwa Tanzania, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, wazazi Wakongo, akafika Abilene, Texas, akiwa kijana wa shule. Hakuchezea chuo wala hakuchaguliwa na mtu. Alikwenda kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, na Agosti 2023 aliwafunga Inter Miami ya Messi. Mzazi akataka kujua majaribio hayo yanafanyika lini mwaka huu. Hilo ndilo swali.

Halafu kuna swali la yule mzee wa Tanga, ambalo limenikaa. Mwaka 2024 ligi ya wanawake ya hapa, NWSL, iliifuta drafti kabisa kwenye mkataba mpya na wachezaji. Sasa binti anatoka chuo na kuchagua mwenyewe aende wapi. Nilimpelekea mzee habari hiyo nikitegemea atafurahi. Akauliza: "Na wale timu mbovu watapata nani?" Tukabishana mpaka kinyozi akazima taa za mbele.

Dau jipya lipo. Kaka wa Bukavu ana jina lake, nami nina langu. Safari hii tunahesabu dakika, si mechi, maana kuna watu wanaingizwa dakika ya 89 na wakora wanaiita mechi. Dakika za timu ya pili hazihesabiwi. Hilo nilipinga, nikashindwa kwa kura. Karatasi imeandikwa, imesainiwa na wote wawili, na iko kwa kinyozi, nyuma ya kioo, karibu na mafuta ya taa anayosafishia mashine.